Kaa Aliyepewa Midomo

Risala ya watengenezaji wa katuni ya watoto "Kaa Kando" kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Televisheni, siku ya kukamilisha msimu wa kwanza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Walimu na wazazi mliofika. Na ninyi majirani wa ghorofa hii, mliotuvumilia mwaka mzima tukilia kama pweza mchana kutwa: hamjambo, na karibuni sana.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, umepanda ngazi za ghorofa tatu kwa miguu, maana lifti ya jengo hili ni pambo tu. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa daktari wa meno wa chini, kwa hiyo ukiona kinalala chenyewe usishtuke. Pamoja na hayo, leo tuna furaha isiyo na mfano. Vipindi kumi na vitatu vya Kaa Kando vimekamilika, na cha mwisho kitaonyeshwa hapa mbele yako.

Tulishauriana kama tukupambie maneno au tukusimulie mambo yalivyokuwa. Tukaona mapambo utayapata kwingine. Risala hii ni yetu sisi wanane, ila inamhusu zaidi mmoja wetu, mchoraji wetu mkuu, ambaye kila mtu humwita Midomo. Yeye hakutaka. Tulipiga kura akashindwa, saba kwa moja.

TULIKOTOKA

Kaa Kando alizaliwa mezani. Mwandishi wetu wa hadithi ana watoto watatu, na yule kitinda mimba alikuwa hali mpaka asimuliwe kaa mmoja mdogo amefika wapi leo. Kaa huyo alitembea upande upande, na kila akipita wakubwa walimwambia, "Kaa kando." Naye akadhani ndilo jina lake, akalishika. Mwandishi akamsimulia rafiki yake wa siku nyingi, ambaye ndiye fundi wetu wa sauti na pia anaigiza sauti nusu ya wahusika. Sisi tunamwita Mama Sauti. Mama Sauti akasema, "Huyu kaa anataka kuonekana, si kusikika tu. Tafuta mchoraji."

Mchoraji walimpata ukutani. Alikuwa akipaka bango la kinyozi, kichwa cha mteja aliyenyolewa vizuri mno, na mteja huyo alikuwa anatabasamu kama mtu anayetaka kukuambia jambo. Mama Sauti alisimama nyuma yake akamsalimu mara tatu. Kimya. Akaanza kupandwa na hasira. Mara yule mchoraji akageuka kuchovya brashi, akaona mdomo wake unacheza, akasema, "Rudia, dada. Nilikuwa nimekupa mgongo."

Ndipo alipojua kwamba ni kiziwi.

Midomo alizaliwa anasikia. Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalala wiki mbili. Alipozinduka alimwona mama yake ameinama juu yake, mdomo unakwenda, na hakuna kitu kinachotoka. Alidhani mama anamfanyia mzaha. Akacheka. Mama alipoona anacheka akashukuru, akazidi kusema, naye akazidi kucheka, hadi akaona machozi ya mama na kuelewa kwamba mzaha haupo.

Mama yake ni mshonaji. Hakuwa na mtu wa kumwelekeza la kufanya, akafanya lililomjia. Kila asubuhi alikaa dirishani uso ukiwa kwenye mwanga, akamkalisha mwanawe kwenye kigoda mbele yake, akatamka neno moja. Uzi. Mlango. Njaa. Alilirudia mpaka mtoto alitamke. Mama huyu ana pengo la jino la mbele, na kwenye pengo hilo ulimi huonekana ukipita. Mpaka leo Midomo huwaamini zaidi watu wenye mapengo. Anasema wanasomeka.

Siku ya kikao cha kwanza, Mwandishi alitazama mchoro wa kaa akasema, "Mbona umemwekea midomo? Kaa hana midomo."

"Huyu wetu atakuwa nayo," Midomo akajibu. "Asipokuwa nayo, mimi nitajuaje anasema nini?"

Tulicheka, na jina likamganda siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe, mgeni rasmi, ilikwenda hivi. Sekunde moja ya katuni yetu hula michoro kumi na miwili. Katika katuni nyingi mdomo ni kitu cha kufunguka na kufungika, basi. Midomo hakuweza kufanya hivyo. Mama Sauti alimkalia mbele, uso kwa uso, akasema maneno ya pweza au ya kaa polepole, halafu kwa mwendo wake, halafu kwa hasira kama hadithi ilitaka hasira. Midomo alichora kila alichokiona. Kisha aliweka kiganja juu ya spika, Mama Sauti akacheza sauti, naye akahesabu mitetemo ili mdomo uanze na sauti inapoanza. Fundi wa sauti na mchoraji kiziwi wakawa wanatumia meza moja. Wakigombana, waligombana kwa mikono, na sisi wengine tukainamia kazi zetu.

CHANGAMOTO

Risala nyingi hutanguliza mafanikio. Sisi mafanikio yetu yalitoka tumboni mwa changamoto, kwa hiyo tutaanza na mzazi.

Midomo alichelewesha kazi. Hatutaficha. Kipindi ambacho wengine wangekimaliza kwa wiki mbili, sisi kilituchukua tatu, na wiki hiyo ya ziada yote ilikwenda kwenye midomo. Televisheni ilipiga simu, tukaomba radhi. Ikapiga tena. Tulianza kunung'unika chini chini, na ukinung'unika karibu na Midomo hakuna chini chini. Alikuwa anatuona.

Tulipokuwa kwenye kipindi cha saba, walikuja wageni watatu kutoka kituoni kutazama kazi. Wewe, mgeni rasmi, ulikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa mshauri wa katuni mliyekuja naye. Mliingia chumba cha kurekodia pamoja na Mwandishi, mkafunga mlango. Chumba kile kina kioo kinene kinachotazama ofisi, na mlango ukifungwa hata ukipasua koo hakuna atakayekusikia nje. Mliona hapo ndipo pa kuzungumza kwa uhuru.

Midomo alikuwa mezani kwake, ameelekea kioo.

Mshauri alisema, "Mtoto hatazami mdomo, anatazama rangi. Chora midomo mitatu: uliofungwa, wa nusu, uliofunguka. Kompyuta itaipanga yenyewe." Akanyoosha kidevu upande wa ofisi. "Huyo kiziwi ndiye anayewachelewesha. Mtafutieni kazi ya mandhari, achore miti na mawe."

Na Mwandishi wetu, mama wa watoto watatu, mama wa Kaa Kando mwenyewe, akajibu, "Tutazungumza naye."

Midomo aliyasoma yote. Ya mshauri hayakumuuma sana. Amekwisha kusoma makubwa kuliko hayo kwenye midomo ya watu walioamini hawasikiki. Lililomkata ni yale maneno mawili ya Mwandishi. Aliosha kikombe chake. Akafuta kibao chake cha kuchorea kwa kitambaa. Akapita kila meza akituaga, "Kesho." Kesho yake hakuja. Uliingia ujumbe kwenye simu ya Mama Sauti: "Mpeni mwingine. Midomo mitatu inachoreka na yeyote."

Siku tatu tulikaa na kaa asiye na msemaji. Tulijaribu ile midomo mitatu. Ilikwenda haraka kweli, na Mama Sauti alipoitazama akasema kaa amekuwa kama anayetafuna sabuni.

Siku ya nne mlango uligongwa. Aliingia mama mmoja mwenye miwani, mwalimu wa shule ya watoto viziwi, amebeba bahasha.

"Samahani," akasema, "nimetumwa na darasa langu. Wana swali, na mimi sina jibu. Katika kile kipindi cha tano, kwa nini wote wanamkimbia baba?"

Tukatazamana. Mwandishi akasema, "Mwalimu, kipindi cha tano hakina baba yeyote."

"Wanafunzi wangu wamekiona mara nne, maana nilikirekodi. Wanasema pweza anapiga kelele, 'Baba anakuja, kimbieni,' na wote wanakimbia. Halafu anakuja samaki mkubwa tu. Wengine wamehuzunika. Kuna mmoja baba yake ni mkali, ameuliza kama pweza anamfahamu."

Ilituchukua muda. Mama Sauti ndiye aliyeng'amua kwanza, akajishika kinywa. Kwenye kipindi cha tano pweza anasema, "Papa anakuja." Sasa sema "papa", mgeni rasmi, halafu sema "baba", ukijitazama kwenye kioo. Midomo ni ile ile.

Mwandishi akauliza taratibu, kana kwamba anaogopa jibu, "Mwalimu, una maana wanafunzi wako wanasoma anachosema pweza?"

"Wanaosoma midomo wanasoma," mwalimu akasema, "halafu wanawatafsiria wenzao kwa ishara. Kwani hamkukusudia? Ndiyo katuni pekee wanayoielewa. Kwenye nyingine, wanasema, wanyama wanatafuna tu."

Mwandishi hakungoja kikao. Alichukua mkoba, akaenda nyumbani kwa Midomo peke yake. Mlango alifunguliwa na mama mtu, sindano ikiwa imechomekwa kifuani. Hakumkaribisha kwa maneno, alimvutia kiti dirishani, penye mwanga.

Midomo alitoka akasimama. "Ulisema mtazungumza nami," akasema. "Haya, zungumza."

Mwandishi alituomba tuandike alichosema, maana amekwisha kukaa nacho vya kutosha. Alisema, "Niliogopa kunyang'anywa kipindi, nikakutoa wewe. Nimekukosea. Sikuja kukubembeleza urudi, nimekuja kukuomba msamaha, na kukuletea swali la watoto."

Akamweleza habari ya baba na papa.

Alitegemea atacheka. Midomo alishika kichwa. "Hilo kosa ni langu," akasema. "Mimi, katika watu wote. Nilipaswa kujua. Papa na baba na mama ni mdomo mmoja, mama alinifundisha hivyo nikiwa na miaka tisa." Tayari alikuwa anatafuta viatu. "Mdomo husema nusu. Nusu nyingine husemwa na macho na mabega. Pweza ana mikono minane, nami sikumpa hata mmoja autie kichwani uwe pezi."

Mama yake akamwambia kutoka kwenye cherehani, "Kula kwanza." Midomo alikuwa amekwisha kumpa mgongo asimwone akisema, akaenda.

Wiki hiyo hiyo mwalimu alitualika shuleni. Ni ukumbi wenye mabenchi na televisheni moja kubwa ambayo spika yake iliharibika miaka mingi iliyopita. Hakuna aliyeona haja ya kuitengeneza. Mama Sauti, aliyemaliza miezi akisafisha kila mlio wa wimbi, alikaa nyuma na kutazama kazi yake ikipita bila hata punje ya sauti. Watoto wapatao arobaini walikuwa mbele. Palipokuwa na mzaha, walicheka, na walicheka pale pale, kwa wakati wake. Midomo alikuwa amesimama ukutani. Hakuwa anatazama katuni. Alikuwa anatazama nyuso zao, na sisi tulikuwa tunatazama wake.

Mwishoni binti mmoja wa miaka kama minane alimfuata, akauliza kwa ishara, na mwalimu akatutafsiria: "Nani aliwafundisha hawa wanyama kusema vizuri hivi?"

Midomo alipiga magoti ili uso wake uwe sawa na wa mtoto. "Mama yangu," akasema.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kuanzia siku ile hatukuchora mdomo bila kuuliza jicho linafanya nini. Kipindi cha tano tulikitengeneza upya kabla hakijarudiwa, na sasa pweza anaweka mkono kichwani kama pezi na kuonyesha meno kabla hajasema neno. Watoto wa darasa lile walituandikia barua ya mstari mmoja: "Baba yuko salama."

Vipindi kumi na vitatu vimekwisha, na hakuna hata kimoja chenye kaa anayetafuna. Shule tano za viziwi zinavitumia darasani vile vilivyokwisha kuonyeshwa. Walimu wa chekechea za watoto wanaosikia wanavitumia pia, kwa sababu mtoto anayejifunza kusoma huona herufi o ikizaliwa kwenye mdomo wa kaa. Kwenye shindano la katuni za watoto, ambako waamuzi walikuwa watoto wenyewe na wakubwa walizuiwa mlangoni, Kaa Kando aliwashinda wote. Tuzo ile pale juu ya kabati. Ni nzito, na tunaitumia kuzuia mlango upepo ukivuma.

Nje ya sisi wanane, tumepata wachoraji wapya wanne, wawili wao viziwi, na Midomo ndiye anayewafundisha. Humkalisha mwanafunzi dirishani. Mama Sauti amejifunza lugha ya ishara, na tunasikitika kusema kwamba sasa anaweza kutusema sisi tukiwepo.

Tena kuna jambo hatujui tuliweke kwenye hesabu gani. Baba mmoja kiziwi, fundi seremala, alipanda ngazi hizi hizi akiwa na kikaratasi. Alikuwa ameandika kwamba mwanawe anasikia, na tangu ajue kusema mtoto ndiye anayemweleza baba mambo ya kwenye televisheni. Jumamosi moja mtoto alichelewa kutoka kuoga, akakuta kaa amekwisha kusema jambo, akamgeukia baba yake akauliza, "Amesema nini?" Kikaratasi kiliishia hapo. Alitupa mkono sote wanane, mmoja mmoja, akateremka.

MAOMBI

La kwanza, mgeni rasmi, unalijua. Tunaomba msimu wa pili, na tunaomba utengenezwe kwa mwendo wetu, wiki tatu kwa kipindi. Tumesikia kwamba ile midomo mitatu bado imo kwenye majalada ya kituo. Ukituambia tuchore haraka zaidi tutajitahidi kwenye miti, kwenye mawe, kwenye mawimbi, hata kwenye mikono ya pweza. Kwenye midomo hatutaweza, na ni heri uambiwe leo mbele ya watu kuliko kuja kugundua baadaye.

Siku ile nyuma ya kioo, Midomo anasema, kati ya wageni watatu ni mmoja tu ambaye midomo yake haikufunguka tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wewe. Hakujua ulikuwa unakubali au unakataa. Ametwambia tusikuulize, nasi hatukuulizi. Tunaomba tu kwamba leo, utakaposimama kujibu, useme umemwelekea yeye.

La pili, mkalimani wa lugha ya ishara katika kila kikao cha kazi, kule kituoni na hapa. Kusoma midomo ya watu kumi wanaokatizana ni kama kuokota mchele uliomwagika penye upepo. Midomo amefanya hivyo mwaka mzima bila kulalamika, nasi tulidhani ni rahisi kwa sababu anatabasamu.

La tatu ni dogo. Tunaomba kengele ya mlango inayowaka taa. Jumamosi Midomo huwa peke yake ofisini, na Mama Sauti amekwisha kunyeshewa mara tatu akigonga mlango wa chini. Mara ya tatu alitumia maneno ambayo tunashukuru Midomo hakuyaona.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kipindi cha kumi na tatu kinaanza sasa. Tumeelewana sote, na Mama Sauti ndiye aliyependekeza, kwamba dakika tano za mwanzo zionyeshwe bila sauti. Mitambo haijaharibika. Wale watoto waliokaa mstari wa mbele wametoka shule ya mwalimu wetu, na hawajakiona kipindi hiki. Kaa Kando atasema jambo la kuchekesha mapema sana. Ukisikia kicheko kinaanzia mbele, na wewe bado hujajua kuna nini, usione haya. Mguse bega mtoto aliye karibu nawe, umuulize kaa amesema nini. Atakueleza, wana subira kuliko sisi.

Mungu akujalie afya na macho mema, awatunze mama wote wanaokaa dirishani na wana wao, na aibariki kazi ya mikono yetu.

Ni sisi wanane,
Watengenezaji wa Kaa Kando